Kutunga Kipande Kifupi cha Piano: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Muziki wa Tunduma na Songwe

Swali linalorudiwa mara nyingi na wanafunzi wa muziki wa Tunduma, Vwawa, Mlowo na Ileje, hasa wale walioanzia katika kwaya za makanisa na sasa wanajifunza kinanda, ni namna gani mtu anaweza kutunga kipande kifupi cha piano kisichokuwa na maneno, kinachochukua dakika moja au mbili tu, na ambacho mwenzake anaweza kukisoma na kukipiga bila mtunzi kusimama pembeni akieleza. Makala haya yanajibu swali hilo kwa hatua. Nadharia imeachwa kando isipokuwa pale ambapo bila neno fulani kazi haiwezi kuendelea, na kila neno la namna hiyo limefafanuliwa linapotokea kwa mara ya kwanza.

Alichonacho mwanafunzi kabla hajaanza

Mwanafunzi aliyekulia katika kwaya hudhani kwamba hana msingi, kwa kuwa hajawahi kukaa mbele ya piano halisi. Dhana hiyo si sahihi. Anayesoma solfa, yaani utaratibu wa kuandika sauti kwa herufi d, r, m, f, s, l na t, tayari anasikia umbali kati ya sauti moja na nyingine, na usikivu huo ndio hasa mtunzi anaouhitaji. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao aliuandika kwa solfa, na lahani yake ndiyo inayotumika leo katika wimbo wa taifa wa Tanzania na pia wa Zambia, kiasi kwamba lahani hiyo moja husikika Tunduma na ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa maneno tofauti.

Hata hivyo, jambo moja lifahamike mapema, kwa kuwa ndilo chanzo cha makosa mengi yatakayotajwa hapa chini: kipande cha piano si wimbo wa kwaya ulioondolewa maneno. Wimbo una beti, na beti mpya huipa lahani ileile maana mpya; kipande cha piano hakina msaada huo, kwa hiyo mabadiliko yote sharti yatoke katika noti zenyewe. Tena mwimbaji anaweza kuishika sauti ndefu na kuikuza kwa pumzi, ilhali sauti ya piano huanza kufifia mara tu nyundo inapogonga waya.

Chombo: kinanda cha kanisani kinatosha, kwa masharti

Pingamizi la kwanza husema kwamba Tunduma hakuna piano. Kwa hatua ya kutunga, kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61 kinatosha kabisa. Piano kamili ina vibonyezo 88, lakini kipande kifupi cha mwanafunzi hakihitaji ncha za mbali za chini na za juu. Yanayotakiwa ni tahadhari hizi:

- Kinanda kiwekwe kwenye sauti ya piano. Sauti ya ogani haififii, na anayetunga kwa ogani hujikuta ameandika noti ndefu ambazo kwenye piano zitakufa kabla ya muda wake.
- Midundo ya kujiendesha izimwe. Midundo hiyo hujaza kila pengo na kumfanya mtunzi aamini kwamba kipande kimekamilika, hali mikono yake miwili haijafanya lolote.
- Kitufe cha kuhamisha sauti kirudishwe kwenye sifuri. Mpiga kinanda aliyezoea kupiga kila wimbo katika C na kuuhamisha kwa kitufe ataandika karatasini noti zisizolingana na zinazosikika.
- Ichunguzwe kama kinanda kinatofautisha kubonyeza kwa nguvu na kwa upole. Vingi vya bei nafuu havitofautishi, na katika hali hiyo nguvu ya sauti inabidi isikike kichwani mwa mtunzi na kuandikwa, hata kama chombo chenyewe hakiitoi.

Muda nao una uzito wake. Katika mji ambao malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni barabarani, mwanafunzi achague saa za utulivu, au atumie visikizio vya masikioni. Nusu saa ya kila siku kwa wiki mbili huzaa matunda kuliko usiku mmoja mrefu wa kabla ya kukabidhi kazi.

Kutafuta kiini

Kiini ni kipande kidogo cha lahani, chenye noti tatu hadi sita, ambacho kipande kizima huota kutoka kwake kama mche utokavyo kwenye mbegu. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa sababu wanatafuta lahani nzima nzuri, ilhali kinachotafutwa ni kitu kidogo sana, chenye umbo linalotambulika haraka. Hatua zake ni hizi:

1. Mwanafunzi aondoke kwenye kinanda, kwa kuwa vidole hurudi daima kwenye njia vilizozoea, na aimbe kwa solfa noti chache zozote zinazomjia.
2. Apige makofi mapigo ya noti hizo bila kuimba. Ikiwa mapigo peke yake hayatambuliki, kiini ni dhaifu na kibadilishwe.
3. Arekodi kwa simu viini vitano au sita, kisha aviache hadi kesho yake.
4. Kesho yake, kabla ya kusikiliza, ajaribu kuvikumbuka. Kile alichokikumbuka bila msaada ndicho cha kufanyia kazi.

Mapigo yanaweza kutoka popote: mchi kwenye kinu, magurudumu ya treni ya TAZARA yanapovuka maungio ya reli, au ngoma ya harusi. Tahadhari ni moja tu, kwamba lengo si kuigiza treni. Mapigo yakishachukuliwa huwa mali ya kipande, na msikilizaji hana haja ya kujua yalikotoka.

Kukikuza kiini bila kukitupa

Sehemu hii ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiyo inayorukwa na wengi. Mwanafunzi akishapiga kiini mara mbili huona kimechosha, hivyo hutafuta kingine, kisha kingine tena, na kufikia nusu ya ukurasa ana mawazo saba yasiyojuana. Johann Sebastian Bach, ambaye vipande vyake 15 vya sauti mbili viitwavyo Inventions vimekuwa zana ya mafunzo tangu nakala yake ya mwaka 1723, alieleza katika ukurasa wa mbele kwamba shabaha yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi si kupata mawazo mazuri tu, bali pia kuyaendeleza vizuri. Nusu hiyo ya pili ndiyo inayohitaji mkazo zaidi hapa.

Uchukuliwe mfano wa kiini hiki: m s l s, katika mizani ya 6/8, yaani kila kipimo (nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima) kina noti sita za haraka zilizogawanywa katika mapigo mawili makubwa. Noti ya kwanza ya kiini ina urefu wa mbili, ya pili urefu wa moja, ya tatu mbili, ya nne moja. Kutokana na noti hizo nne pekee yanapatikana yafuatayo:

- Kuteremsha ngazi moja: r f s f. Umbo ni lilelile, mahali pamebadilika.
- Kugeuza juu chini: pale kiini kilipopanda sasa kinashuka kwa umbali uleule wa ngazi, na kinakuwa m d t, d (mkato baada ya t ukimaanisha t ya chini).
- Kusoma kinyumenyume: s l s m.
- Kurefusha: kila noti ipewe urefu maradufu, ili kiini kilichokaa katika kipimo kimoja sasa kijaze viwili.
- Kukata: zichukuliwe noti mbili za mwisho tu, l s, na zirudiwe kama mtu anayekumbushia neno.
- Kubakiza mapigo na kuacha lahani: noti moja, kwa mfano s, ipigwe kwa mapigo yaleyale ya mbili-moja, mbili-moja.

Mwanafunzi aandike mageuzi yote sita kwenye karatasi moja kabla ya kuanza kupanga kipande, kisha ayapige yote, na kuweka alama kwenye matatu yanayompendeza. Si lazima yote yatumike. Kipande kifupi kinachotumia yote hugeuka zoezi. Matatu yanatosha kujaza vipimo 16.

Ipo hoja kwamba kufanya hivi ni hesabu, si sanaa. Jibu ni kwamba anayetunga kwa kusikiliza moyo wake hufanya mambo hayohayo bila kuyapa majina, kama ambavyo mwimbishaji wa ngoma hurudia mwito wake akiupandisha kidogo, akiukata, au akiuacha waitikiaji waumalizie. Karatasi humsaidia anayeanza aone njia ambazo sikio lake bado halijazizoea, na sikio ndilo linaloamua ipi ibaki.

Mkono wa kushoto

Kosa la kawaida kuliko yote, na lililo rahisi kutambulika hata kabla ya kipande kupigwa, ni kuupa mkono wa kulia sauti ya kwanza na ya pili, na wa kushoto sauti ya tatu na ya nne, kama ilivyo katika vitabu vya kwaya. Matokeo yake huwa na kasoro mbili. Kwanza, sauti hizo mbili za chini huweza kuachana kwa umbali ambao mkono wa mwanafunzi, unaofika oktavu moja tu (yaani kutoka d hadi d ya juu yake), hauwezi kuufikia. Pili, mikono yote huenda kwa mapigo mamoja, na kipande hukosa mwendo wa ndani: sauti inapofifia hakuna kinachoisukuma.

Njia iliyo salama ni kuongeza kidogo kidogo kwa mpangilio huu:

1. Mkono wa kushoto upige noti moja tu kwa kila kipimo, na mtunzi asikilize kama inaibeba lahani. Kwa kiini cha mfano, d hubeba m s l s, na s hubeba r f s f.
2. Noti hiyo iongezewe ya tano yake, d pamoja na s, zipigwe moja baada ya nyingine badala ya kwa pamoja.
3. Baada ya hapo ndipo ziletwe kodi, yaani noti tatu au zaidi zenye kupatana, kama d m s au s t r, na hizo nazo zivunjwe: noti ya chini kwanza, nyingine zifuate.
4. Mahali ambapo mkono wa kulia umeshika noti ndefu, wa kushoto utembee. Mahali ambapo wa kulia una noti nyingi, wa kushoto utulie.

Hatua ya nne ikizingatiwa, kipande huanza kusikika kama cha piano.

Onyo moja kuhusu upande wa chini: noti zilizokaribiana zikipigwa pamoja chini ya C iliyo oktavu moja chini ya C ya kati, sauti huwa nzito na yenye matope. Huko chini ziwekwe noti zilizoachana, oktavu au ya tano, na kodi zilizobanana zipandishwe karibu na katikati. Béla Bartók, Mhangaria aliyetunga kati ya 1926 na 1939 vipande 153 vya Mikrokosmos vinavyopanda kutoka vyepesi hadi vigumu, alianza kitabu cha kwanza kwa mikono miwili kupiga lahani moja tu, bila kodi yoyote, na vipande hivyo ni muziki kamili. Mwanafunzi asione haya kuwa na noti chache.

Je, kipande lazima kisikike cha kwao?

Hakuna sharti la namna hiyo, lakini swali lenyewe ni la maana, na kwa maoni ya makala haya mwanafunzi wa Songwe ana sababu nzuri ya kulijaribu. Si jambo geni. Huko Mbozi, mmisionari wa Kimoravian Traugott Bachmann, aliyefanya kazi miongoni mwa Wanyiha tangu mwishoni mwa karne ya 19, anakumbukwa kwa kuzipa lahani za Kinyiha nafasi katika ibada wakati ambapo makanisa mengi yalitumia za Ulaya peke yake. Kwa upande wa piano, Akin Euba wa Nigeria alitetea mtindo wa kukipiga chombo hiki kwa mantiki ya ngoma na marimba za Afrika, na J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alitoa vipande 12 vya kufundishia kwa msingi huo.

Kinachowezekana kwa anayeanza ni kuchukua mpangilio, si kunakili wimbo. Mizani ya 6/8 inafaa sana, kwa kuwa noti zake sita za haraka hukubali kugawanywa mara mbili au mara tatu. Zoezi lake ni hili: mtu ahesabu moja hadi sita bila kukoma, mkono wa kushoto ugonge meza kwenye moja na nne, wa kulia ugonge kwenye moja, tatu na tano. Mwanzoni mikono hugombana. Baada ya siku chache huanza kuzungumza, na hapo zoezi lihamishwe kwenye vibonyezo, kushoto d na s, kulia kiini kilichobadilishwa mapigo yake. Mwito na mwitikio nao huhamishika vizuri: mkono wa kulia uite, wa kushoto uitike oktavu mbili chini, na mmoja unyamaze mwingine unaposema. Kunyamaza huko ni sehemu ya muziki, na wanafunzi wengi huogopa kuuandika ukimya huo.

Mwanafunzi anayetumia lahani ya mzee fulani au ya kikundi cha ngoma aombe ruhusa, na aandike juu ya ukurasa lahani ilikotoka.

Umbo la vipimo 16

Kwa mara ya kwanza inafaa kutumia umbo hili, ambalo halina ugumu na linatosha kwa dakika moja hivi ya mwendo wa polepole:

- Vipimo 1–4: kiini, kikifuatiwa na m ndefu, kisha kiini kilichoteremshwa, kikiishia kwenye r ndefu juu ya besi ya s. Sentensi imeachwa ikining'inia kama swali.
- Vipimo 5–8: mwanzo uleule, lakini kipimo cha 7 kina kiini kilichogeuzwa juu chini, na cha 8 kinatua kwenye d.
- Vipimo 9–12: mkono wa kushoto uchukue kiini, au yatumike mapigo yake peke yake, na makao (noti ambayo muziki hutulia kwake) yahamie kwenye l ili rangi ya sauti iwe ya huzuni kidogo. Nguvu ya sauti ibadilike hapa.
- Vipimo 13–16: kiini kirudi, lakini kisirudi vilevile. Kinaweza kuwa oktavu moja juu, au mkono wa kushoto ukawa umeondoka, au noti mbili za mwisho zikarudiwa mara tatu zikififia.

Sehemu ya katikati ndiyo inayoharibika mara kwa mara, kwa sababu mtunzi huona kwamba sasa ni zamu ya kitu kipya kabisa. Kipya kinachotakiwa ni mahali, rangi au mkono. Kiini kiendelee kutambulika.

Kuandika

Solfa inatosha kwa rasimu, lakini kwa kipande cha mikono miwili chenye mapigo tofauti huwa finyu, na mpiga piano wa mahali pengine huenda asiijue. Mwanafunzi ahamishie kazi yake kwenye mistari mitano. Asiye na daftari la muziki apige mistari kwa rula kwenye karatasi nyeupe. Programu ya MuseScore, inayopatikana bila malipo kwa kompyuta, huandika na kupiga noti, ila ina hatari yake: hupiga bila kuchoka hata kile kisichofikika kwa vidole kumi. Kila kipimo kipigwe kwanza kwa mikono ya mtu.

Karatasi iliyo tayari iwe na mambo haya: jina la kipande, jina la mtunzi na tarehe; mwendo; mizani; nguvu ya sauti mwanzoni na kila inapobadilika; mistari ya kuunganisha noti zinazopigwa kwa pumzi moja; na namba za vidole mahali pagumu tu. Nakala mbili zihifadhiwe mahali tofauti, kwa kuwa simu huibiwa na kumbukumbu ya kinanda huweza kufutika.

Makosa mengine ya kuangalia

- Kuanza na mwanzo mrefu wa kodi kabla ya kiini kusikika. Vipimo viwili vikipita bila kiini, vikatwe.
- Kutumia kanyagio la kurefusha sauti kuficha mikono isiyoungana. Kipande kipigwe kwanza bila kanyagio.
- Kuweka d mahali panapodai vibonyezo vyeusi vingi ili kipande kionekane kigumu. C, G au F zinatosha.
- Kumaliza kwa kodi kubwa ya nguvu ambayo hakuna kilichoiandaa.
- Kubadilisha kila kitu baada ya maoni ya mtu mmoja.

Kumkabidhi mwingine

Rasimu ikikamilika, apewe mpiga kinanda mwingine, awe wa kwaya jirani au mwanafunzi mwenza, naye aipige bila kuelezwa lolote. Mtunzi akae mbali na chombo, ashike penseli, wala asiimbe ili kumsaidia. Kila mahali mpigaji anaposimama, anaporudia au anapopiga tofauti na alivyokusudia mtunzi, pawekwe alama. Kusimama mara moja kunaweza kuwa upungufu wa mpigaji, lakini wapigaji wawili wakisimama palepale, tatizo limo karatasini: noti isiyofikika, nguvu ya sauti isiyoandikwa, au mgawanyo wa mikono usioeleweka.

Marekebisho yafanywe siku inayofuata, yakianzia kwenye alama hizo tu, na sehemu zisizo na alama ziachwe kama zilivyo. Kisha kipande kipigwe tena na mtu yuleyule, na mara hii mtunzi aweke penseli chini, asikilize kutoka mlangoni.